Picha Mbili za Mikono ya Mzee Mutua

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kamera. Mkuu wa Studio, mwanamume mpole wa koti la kijivu, alinisimamisha kando ya Barabara ya Jogoo, akaniambia nitazame baiskeli zikipita. Nilitazama mpaka macho yakalegea na magurudumu yakawa miduara ya mwanga.

"Unaona spoki za magurudumu?" akaniuliza.

"Sioni."

"Shata ikiwa ya polepole, kamera nayo haitaziona. Shata ni kipazia kilicho ndani. Kikifunguka na kufunga upesi, gurudumu linasimama. Kikikawia, linayeyuka. Wewe ndiwe utakayeamua."

Basi nikajifunza kuamua. Wasichana wa Makadara wakiruka kamba, niliweka shata kwenye sehemu ya mia tano ya sekunde, nao wakabaki hewani, vumbi likining'inia chini ya nyayo zao. Kwaya ya kanisa ikicheza, niliweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu ili isitikisike, nikaiacha shata wazi nusu sekunde. Majoho meupe yalitoka kama ukungu wa asubuhi. Mkuu aliitazama picha hiyo ikijitokeza polepole ndani ya dawa, katika chumba cha giza, akasema, "Hapa umeota." Sikujua kama ananisifu au ananikaripia, na mpaka leo sijui.

Baadaye nilihamishiwa tawi la mtaa wa Tena, chini ya Meneja wa Tawi, mama mkali aliyetaka kila ukope uonekane. "Mteja hanunui ukungu," alikuwa akisema. Nikaacha kuota.

Huko ndiko alikokuja Mzee Mutua, mchonga vinyago, pamoja na mkewe, Mama Mwende. Alikuwa amebeba patasi na twiga wa mti ambaye hakuweza kummaliza, kwa maana ugonjwa ulikuwa umeiingia mikono yake. Ilitetemeka hata ikiwa mapajani.

"Binti yangu," aliniambia, "wajukuu wangu wananijua nikimwaga chai tu. Nipige nikiwa fundi."

Shata ya haraka hudai mwanga mwingi, kwa hiyo nilifungua madirisha yote na kumketisha palipowaka jua, patasi juu ya twiga. Nikabonyeza. Nilijua kwamba pichani mikono itaonekana imetulia.

Nilipoanza kumshukuru, Mama Mwende akasema, "Sasa mpige vile alivyo."

Mzee akageuka. "Ya nini?"

"Mikono hii ndiyo inayonishika tukishuka ngazi za kanisa. Unataka niikatae?"

Mzee akaichukua tena patasi. Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama, naye akanitazama, lakini hakunizuia. Nikafunga mapazia kiasi, nikaiweka kamera kwenye stendi, nikamwomba Mzee asigeuze uso. Akaishika patasi juu ya twiga. Shata ilifunguka, ikakaa wazi. Nilihisi kana kwamba tumeingia sote ndani ya maji tulivu.

Waliporudi kuchukua picha, Mzee alianza na ile ya kwanza. Kila mshipa ulionekana, na patasi ilikuwa imesimama wima juu ya mti. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu amepumzika," akasema kwa huzuni.

Kisha akaichukua ya pili. Uso wake ulikuwa umetulia, lakini mikono ilikuwa moshi mwepesi uliozunguka shingo ya twiga. Akaisogeza karibu na macho. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Kumbe alikuwa akicheka.

"Mama Mwende, njoo uone! Mbona hapa bado nachonga?"

Walipoondoka, Meneja aliniambia kwa sauti ya chini nichape nakala ya ile ya pili, niiweke dirishani.

Sasa nimestaafu, na mchana mwingi naupitisha kibarazani, nikitazama nguo za majirani zikipepea kambani. Juzi jirani yangu, kijana dereva, alinisalimia, akanionyesha simu yake.

"Niaje mathe. Hii picha imetoka vibaya. Niifute?"

Nikavaa miwani. Niliona kitambaa chekundu cha kichwani, meno, na uso uliopita kama upepo.

"Ni nani?"

"Ni mamangu."

"Alikuwa anacheka nini?"

Kijana akaitazama tena ile picha. Kisha akavuta kiti, akaketi, akaanza kunisimulia.