Barua Iliyonyooka Kumshinda Mwenyewe

Saa tatu asubuhi, mama muuza mkaa amesimama barazani, mikono kiunoni, wala hajali nani anasikia. Anamwambia jirani yake wa chumba cha pili kwamba kalamu ya jirani huyo ndiyo iliyomvunja binti yake mkono. Wapangaji wote wana masikio. Aliyekuwa akifua ameacha povu litulie kwenye beseni, na anayefagia anafagia palepale alipokwisha kufagia.

"Mimi nilisahihisha barua, mwenzangu. Sikumpandisha ndege," anajibu jirani.

"Ungeiacha na makosa yake, nani angemchukua?"

Hapo jirani anafunika kalamu yake nyekundu.

Mtaani jirani huyo wanamwita Fundi Kiingereza. Ni mama wa makamo, mjane, aliyekuwa akisoma prufu, yaani kusaka makosa kabla ya kuchapa, kwenye kiwanda cha uchapaji mpaka kiwanda kilipofungwa. Akahamishia kazi barazani: meza moja, benchi moja, na bei ya ukurasa haizidi ya mkate.

Wanamletea barua za kuomba kazi, malalamiko, hata za uchumba. Makosa anayajua kama watoto wa jirani. Kiingereza kina neno la kumwazima mtu na jingine la kuazimwa. Sisi tunatumia lolote lililo karibu. Mwingine anaanza kumsifu mama yake, kufika mstari wa tatu mama amegeuka mwanamume.

"Huwa tunacheka hapa mpaka mbavu zinauma," anasema. Siku hizi benchi halicheki sana.

Mwaka jana binti wa muuza mkaa alileta barua ya maombi kwa wakala anayetafuta watu wa kazi za nyumbani ng'ambo. Aliiandika mwenyewe, kwa shida, na hakudanganya. Alisema anajua kupika, kufua na kutunza mgonjwa. Mwishoni akaandika kwamba Kiingereza chake ni kidogo.

"Sentensi hiyo nayo nikainyoosha," anasema Fundi, sauti ikishuka. "Nikaiandika vizuri mno, ikawa uongo. Nani angeamini?"

Hakuna aliyeamini. Binti alikabidhiwa mzee mgonjwa, na siku moja wenye nyumba wakatoka wakimwachia kikaratasi cha Kiingereza cha maelezo ya dawa. Alikigeuza juu chini, akakisia kipimo. Mzee alilazwa. Mtoto wa mzee aliporudi kutoka hospitali, alimkuta binti jikoni, akamsokota mkono mpaka ukavunjika.

"Walisema najifanya," anasimulia binti, ameketi kwenye gunia tupu. "Eti mtu aliyeandika barua ile hawezi kushindwa kusoma kikaratasi."

Alirudishwa bila mshahara. Mkono umeunga ukiwa umepinda, na kuinua debe la mkaa hawezi tena. Mama yake anapima, anabeba, anagombana na wateja peke yake.

Tangu hapo Fundi ameweka sharti. Kila mteja humsomea barua yake kabla ya kuondoka nayo. Asichoweza kukisoma, kinafutwa. Wengi wamehamia kwa kijana wa kompyuta pale kona, ambaye haulizi mtu kitu. Leo benchini yuko mteja mmoja tu, na yeye amekuja zaidi kusikiliza ugomvi.

Ndoto ya Fundi ni kumfundisha binti yule, bure, aanze na maandishi ya chupa za dawa, labda zahanati itampa kazi ya kukaa. Ameomba mara kadhaa. Mama mtu amekataa, na leo amekataa tena, mbele ya wapangaji wote.

Adhuhuri ua umetulia. Fundi bado yuko mezani, hajagusa chochote tangu chai. Pazia la muuza mkaa linafunguka, naye anatokeza kichwa, ameshika mwiko. Anamtazama jirani yake, hatabasamu.

"Hicho Kiingereza chako kiache hapohapo," anasema. "Wewe ingia ule. Kinapoa."