Salamu Dukani

Wiki jana, katika duka moja hapa Kileleshwa, nilimwona msichana mdogo akipiga magoti kumsalimia mama mmoja, nikakumbuka safari yetu ya utotoni ya kuja Nairobi kumtembelea nyanya.

Nilizaliwa Nairobi, lakini baba alipata kazi Kampala nikiwa bado nanyonya, na huko ndiko nilikofunzwa kuongea na kusalimia. Alasiri moja nyanya alitupeleka mjini, mimi na binamu yangu Rosa, kuninunulia gauni. Duka lilinukia vitambaa vipya, na cherehani mbili zilikuwa zikilia kwa nyuma. Karibu na mlango alisimama mama mrefu, mweupe, amevaa kuwashinda wote. Nikapiga magoti, nikamsalimia kwa Kiganda.

Hakuitikia. Nikafikiri hasikii vizuri, nikarudia kwa sauti. Nilivyofunzwa, mtoto hainuki kabla mkubwa hajaitikia, basi nikabaki pale sakafuni nikingoja.

Rosa alicheka hadi akashika ukuta. "Hiyo ni sanamu! Ni ya kuonyesha nguo!" Mafundi wakaacha kushona, wakacheka pia. Machozi yakanilengalenga.

Nyanya akaja, akasimama kando ya sanamu. "Mulembe, mwanangu," akaniitikia kwa Kiluhya. "Sasa inuka." Kisha akamgeukia Rosa. "Na wewe unayecheka, tangu tuingie humu umesalimia nani?"

Fundi mmoja akainuka, akaja kunipa mkono. Tulipotoka nilitangulia mbele yao wote wawili, nikimsalimia kila aliyepita, na wengi waliitikia.