Nje ya Mdundo

Wanafunzi walimwita Mama Saa, na mwenyewe alijua. Alikuwa amefundisha dansi pale chuo kikuu tangu idara ilipokuwa chumba kimoja chenye kioo kilichopasuka, na hakuna aliyekumbuka kumwona akikosea kuhesabu mdundo. Mwanafunzi akichelewesha mguu, hata akiwa amejificha safu ya mwisho, sauti yake ilimfikia: "We wa nyuma, muziki umeshapita. Unamsindikiza nani?"

Mwaka ule utaratibu wa mitihani ulibadilika. Zamani kila mwalimu aliwapima wanafunzi wake mwenyewe, amesimama nao kwenye sakafu ya mbao, miguu mitupu kama wao. Sasa kila mwanafunzi wa mwaka wa pili alitakiwa kucheza peke yake mbele ya jopo la watu watatu, wampangie ngazi ya ustadi. Akifika ngazi ya tatu anaendelea na masomo ya jukwaani. Asipofika, anarudia mwaka. Meza ya jopo iliwekwa nyuma ya ukumbi, juu ya kizimba cha saruji kilichotandikwa zulia. Katikati alikaa mkuu wa idara, mchezaji wa zamani aliyestaafishwa na goti. Mtahini kutoka chuo kingine, bwana mwembamba aliyependa kuguna kuliko kusema, alikaa upande mmoja, na Mama Saa upande wa pili.

Akaingia Twiga, binti mrefu aliyekuwa tegemeo la darasa. Mama Saa alijiweka sawa kitini kama mama wa bibi harusi.

Muziki ukaanza kwenye spika. Filimbi ikapanda, kinanda kikaijibu, na Twiga akaanza kucheza. Mama Saa akakunja uso. Filimbi ikinyamaza, binti anakanyaga. Filimbi ikiita, yeye katulia kama nguzo. Alikuwa akiruka na kutua mahali ambapo hapakuwa na kitu, na uso wake haukuwa na wasiwasi hata chembe.

"Ngazi ya nne, hiyo," mkuu akasema binti alipotoka. Mtahini akaguna kukubali.

"Ya nne?" Mama Saa alidhani wanamtania. "Huyu si alikuwa nje ya mdundo mwanzo mwisho?"

"Nje wapi, dada?"

"Nje! Mimi nimempa ya pili, na hapo nimemwonea huruma."

Wakatazamana. Mkuu akasema labda Mama Saa amechoka, waendelee. Akaingia Kinyozi, kijana aliyejulikana kwa kuwanyoa wenzake bwenini kuliko kwa kucheza. Mama Saa hakutegemea kitu. Lakini kijana alipoinua mkono, mkono ukapanda na filimbi, ukateremka nayo, na kila filimbi ilipopumua naye akapumua. Machozi yalimlenga Mama Saa. Akampa ya nne. Wenzake walimpa ya kwanza.

"Sasa hapa kuna mchezo," mtahini akasema, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake marefu kuliko yote siku ile.

Matokeo ya Twiga yakazuiliwa mpaka jopo lielewane. Asubuhi iliyofuata binti alimngojea mwalimu wake kwenye korido.

"Mwalimu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mwanangu. Ulicheza vibaya."

"Vibaya vipi? Nilicheza vilevile ulivyonifundisha. Juzi tu darasani uliniambia hapo hapo, usibadilishe kitu."

Ni kweli alimwambia hivyo. Mama Saa alibaki amesimama na funguo mkononi, hajui ashike lipi aache lipi. Mtoto hawezi kusahau mdundo kwa siku mbili. Au anaweza? Au ni yeye, mwalimu, aliyekuwa na kinyongo asichokijua? Alijichunguza kama mtu anayepekua mifuko ya koti, asione kitu.

Nyumbani napo hapakukalika. Mumewe alikuwa dereva wa lori mstaafu mwenye sauti nzito ya chini, kama injini inayopasha moto. Siku hizi, kwa maoni ya Mama Saa, alikuwa amejizoesha kumung'unya maneno.

"Sema vizuri, baba nanihii. Unaongea na shati lako?"

Mume akaweka kijiko chini. "Haya, nanyamaza. Sikio la kufa halisikii dawa."

Hilo nalo hakulipata vizuri. Binti yao mdogo ndiye aliyelirudia kwa sauti yake nyembamba, na Mama Saa akalisikia lote.

"Mama, baba kakuita tangu ukiwa jikoni. Kwani masikio yako mazima?"

"Mbu akipita chumba cha pili namsikia! Kiziwi gani anasikia mbu?"

Mkuu wa idara aliamua Twiga arudie kucheza. Safari hii Mama Saa hakukaa kizimbani. Alitaka asimame karibu na spika, awaonyeshe wenzake kwa kidole mahali binti anapopotea. Akavua viatu, kama inavyotakiwa kwa yeyote anayekanyaga zile mbao, akashuka.

Muziki ukaanza. Filimbi, kinanda, halafu kitu kikamgonga nyayoni. Du. Du-du. Kilipanda kwenye visigino mpaka magotini. Twiga akaruka na kutua juu yake barabara, kama kifungo kinavyoingia kwenye tundu lake.

Mama Saa akashusha kidole. Akapanda tena kizimbani: filimbi na kinanda tu, na binti anarukaruka kama mwenda wazimu. Akashuka: du, du-du, na binti ni malkia. Akapanda tena.

"Dada," mkuu akamwambia taratibu, "unatafuta nini?"

"Sijui," akajibu. "Huo mdundo... nyinyi mnausikia mkiwa hapa hapa mlipokaa?"

"Besi? Inatikisa mpaka madirisha."

Daktari wa masikio alimfungia kwenye kijichumba, akamvisha vipokea sauti. Sauti nyembamba alizikamata zote. Zile nene alikaa akingoja, mkono juu ya kitufe, huku daktari akimtazama kupitia kioo. Baadaye akamweleza kwamba kwa wengine masikio huanza kupungukia chini: ngoma, besi, ngurumo, sauti za wanaume. Mbu hubaki. Darasani miguu yake ilikuwa ikimsaidia bila yeye kujua.

Mumewe, aliyekuwa amekaa pembeni, aliuliza jambo. Mama Saa akageuka kwa daktari. "Anasemaje?"

"Anauliza kama basi hukuwa unamdharau."

Aliushika mkono wa mzee wake.

Twiga alipewa ngazi ya nne, na Mama Saa akamwomba radhi mbele ya jopo. Meza ikateremshwa kwenye mbao, na watahini wote wakaambiwa wavue viatu. Ndipo ilipojulikana kwamba soksi za yule bwana mwembamba zina matundu.

Lakini Kinyozi alimkalia rohoni. Alimwita, akamuuliza siku ile alikuwa akisikiliza nini.

"Ukweli, mwalimu? Nilisahau hatua zote. Nikaona bora nifuate filimbi, nisije nikasimama kama mlingoti."

Akamchezesha tena, yeye akiwa miguu mitupu. Mdundo nyayoni ulimwambia kwamba kijana anakosea kila mahali. Mkono ulipopanda na filimbi, machozi yakamlenga vilevile.

"Kwa hiyo ni ngazi gani?" mkuu akauliza, kalamu mkononi.

Mama Saa alitazama mbao, akamtazama kijana aliyekuwa akihema kwa kuchoka.

"Ukiniuliza mimi," akasema, "sijui kabisa."

Mkuu akaandika ya kwanza. Kinyozi alirudia mwaka, na Mama Saa akaomba awekwe kwenye darasa lake.