Mama Wanga Mezani pa Bwana

Mtaani hakuna nguo iliyowahi kumshinda, na yeye mwenyewe ndiye anayelijua hilo kuliko wote. Mpelekee shati lililokunjamana kama uso wa mtu aliyekatizwa usingizi, kesho utalikuta limenyooka, kola imesimama wima, mikono imetulia kama ya askari kwenye gwaride. Siri yake ni wanga. Anaukoroga mwenyewe nyuma ya nyumba kwenye sufuria nyeusi, anauacha uive mpaka ung'ae, anauchuja, ndipo anachovya nguo na kuipiga pasi ikiwa na unyevu kidogo. Kwa ajili hiyo watu wakamwita Mama Wanga, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti.

Jina hilo lina utani wake. Wanga wa nguo ni kitu kimoja, na wanga, wale wachawi wanaozunguka usiku, ni kitu kingine kabisa, ila masikioni vyote ni sawa. Mumewe, fundi baiskeli mwenye maneno mengi kuliko spoku zake, hachoki kuutumia mwanya huo.

"Mimi nimeoa mama wa wachawi," huwaambia wateja. "Mkileta ujanja kwenye malipo, shauri yenu."

"Ningekuwa na uchawi, baba," Mama Wanga humjibu kutoka kwenye kamba za nguo, "ningeanza na hicho kipara chako."

Kazi anayojivunia kuliko zote ni kitambaa cheupe cha meza ya Bwana. Hakichanganyi na nguo ya mtu. Kina beseni lake, kina kamba yake, na siku ya kukipiga pasi hata mumewe, kwa mikono yake ya grisi, haruhusiwi kupita karibu. Na Jumapili ya Chakula cha Bwana, Mama Wanga ni wa safu ya kwanza. Hajifichi nyuma ya nguzo. Hupiga magoti, hufungua viganja, hula. "Meza naitandika," husema, "na mezani naalikwa. Sasa nisile kwa nini?"

Ndipo akaletwa mchungaji mpya. Alikuwa kijana, mgeni wa mji, mwenye bidii ya moto. Tangu siku ya kwanza alisema wazi kwamba meza ya Bwana si kibanda cha chai, kila apitaye akaketi. Kuelekea Jumapili, mzee wa kanisa akawa anamwonyesha vyombo katika chumba kilicho nyuma ya madhabahu.

"Na kitambaa cha meza kiko wapi?" mchungaji akauliza.

"Kiko kwa Mama Wanga."

Mchungaji akageuka. "Mama nani?"

"Wanga. Kila mtu anamjua, hata watoto."

"Na mnamwacha tu?"

"Tumwache twende kwa nani?" mzee akashangaa. "Hapa mjini hana mpinzani."

"Hiyo... hiyo kazi alijifunza wapi?"

"Kwa marehemu mama yake. Anapika kwenye sufuria, kule nyuma ya nyumba. Ukitaka, nitakupeleka ujionee."

Mchungaji akasema asante, haina haja. Hakuuliza neno zaidi. Aliona aibu kuuliza, na aibu ile ilikaribia kumfanya amnyang'anye mtu chakula ambacho hakukipika yeye.

Jumapili ikafika. Watu wakasogea mbele, wakapiga magoti kwa mstari. Mchungaji akaanzia kushoto, akiweka kipande cha mkate katika kila kiganja. Alipomfikia Mama Wanga mkono wake ukasita. Akampita, akampa aliyefuata.

Mtu mwingine angeinuka haraka na kusingizia kizunguzungu. Mama Wanga hakutikisika. Wenzake wakala, wakanywa, wakarudi kwenye mabenchi. Yeye akabaki amepiga magoti peke yake, viganja wazi, na kanisa zima likimwona.

"Inuka, mama," mchungaji akanong'ona. "Tutaongea baadaye."

"Sijala, baba."

"Habari zako ninazo."

"Habari zipi?"

"Za... za sufuria."

Mzee wa kanisa, aliyesimama kando na kikombe, ndiye aliyeshtuka. "Baba mchungaji! Wanga wa nguo! Wa kupigia pasi!"

Kanisa likapasuka kwa kicheko. Fundi baiskeli, benchi la pili, alicheka mpaka akashika mbavu, lakini ndiye pia aliyetangulia kunyamaza. Alimjua mkewe hata kwa kumtazama mgongoni, na mgongo ule haukuwa unacheka.

"Nisamehe sana, mama," mchungaji akasema, jasho likimtoka. Akanyoosha mkate. "Pokea."

Mama Wanga akafumba viganja.

"Ngoja kwanza. Kwa hiyo sasa nafaa?"

"Unafaa, mama."

"Na kama ningekuwa yule uliyemdhani?"

Vicheko vikakatika. Mchungaji akajikaza. "Ungetakiwa kutubu kwanza. Meza hii ina heshima yake. Mtu hawezi kudhuru wenzake usiku, asubuhi aje ale kama vile hakuna kitu."

Baadhi ya vichwa vikaitikia, na kwa haki, maana hakusema uongo.

"Sawa," alisema Mama Wanga. "Na angetubia wapi kama si hapa? Nimepiga magoti mbele yako, nimefungua mikono, hukuniuliza hata neno. Umenipita kama benchi tupu. Ningekuwa na huo uchawi, leo ningerudi nao nyumbani, na hasira juu yake."

"Kweli!" mtu akaropoka nyuma.

"Hapa hakuna anayefaa, baba. Mimi ulimi wangu naujua ulivyo mkali. Huyu mzee wetu anasinzia ukihubiri." Mzee akakohoa. "Kama unawagawia wanaofaa, funika sahani twende zetu, na wewe ukiwemo. Kama ni kwa wenye njaa, nipe. Ila usinipe kwa sababu ya pasi."

Mchungaji angeweza kumkemea. Joho alikuwa nalo, na sauti pia. Aliutazama mkate mkononi mwake, kisha akasema kwa sauti iliyofika mlangoni, "Nilipaswa kuuliza." Akapiga goti moja ili macho yao yalingane. "Mama, unataka kula?"

"Nataka."

"Una kinyongo na mtu?"

Mama Wanga akafikiri. "Nilikuwa nacho na wewe, tangu uliponipita. Kinapungua."

"Kimebaki kiasi gani?"

"Cha kuvumilika."

Hapo akafungua viganja. Mchungaji akaweka mkate. Mama Wanga akatafuna polepole, kama mtu aliye kwao, akanywa kikombe, akaukataa mkono wa mzee aliyetaka kumsaidia, akainuka mwenyewe. Hakurudi kwa pembeni. Alipita katikati, kichwa juu, na watu wakasogeza miguu kumpisha.

Fundi baiskeli akampa nafasi kwenye benchi. Kisha akamgeukia jirani yake, mtu aliyewajua wote wawili tangu utoto.

"Huyu," akamwambia, "ni mke wangu."