Mpima Utelezi wa Bigwa

Mikidadi alikuwa fundi sakafu, na mkono wake ulijulikana. Miaka mingi alifanya kazi katika shirika moja la ujenzi la umma pale Morogoro mjini. Alimwaga saruji kwenye nyumba za walimu, zahanati na maghala, akazipiga sakafu niru, ule urojo laini wa saruji wa kumalizia, mpaka mtu akikanyaga peku aone raha. Asubuhi moja wafanyakazi wote waliitwa uwanjani wakaambiwa shirika linauzwa. Kuanzia siku hiyo kila mtu akashika hamsini zake.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa ghafla: redio, mitumba, sabuni za kila rangi. Zikaja pia marumaru za sakafu kutoka Dubai, nyeupe, zinang'aa kama sahani mpya. Kila aliyepata kidogo alizitaka nyumbani kwake. Mikidadi alijifunza upesi kuzipanga, na kwa kuwa macho yake yalizoea mstari ulionyooka, kazi hazikukawia kumfuata. Alichokosa ni mahali pa kuwaonyesha wateja. Akaamua kuanza na nyumba ya mama yake, kule Bigwa pembezoni mwa mji, ili amheshimu mzazi na papo hapo wateja wapate pa kutazama.

Bi Maimuna alikuwa ameshuka kutoka milima ya Uluguru akiwa mwali, na tangu hapo miguu yake ilijua udongo tu. Sakafu yake ya udongo aliinyunyizia maji kila asubuhi kabla ya kufagia. Mwanawe alipomaliza kuweka marumaru, kuanzia sebuleni hadi bafu la uani, bibi huyo alivua kandambili mlangoni akasimama.

"Ingia, mama. Ni nyumba yako."

"Naogopa kuichafua, baba," alisema huku akicheka. Kisha akaingia polepole, mkono ukiwa ukutani.

Majirani walikuja kujitazama sura kwenye sakafu. Mikidadi alijisikia kama mtu aliyempeleka mama yake Hija.

Baada ya wiki chache alikuta gunia kuukuu limetandikwa bafuni.

"Mama, hili la nini?"

"Miguu yangu inaona baridi, baba. Uzee huo."

Hakulifikiria zaidi. Lakini siku aliyotaka kumleta Bwana Severin, aliyekuwa akijenga nyumba ya wageni, gunia lile lilimtia aibu. Alifika mapema. Mama alikuwa shambani, na dada yake Hidaya, aliyekuwa bado anaishi pale, alikuwa ameenda kisimani. Mikidadi akalitoa gunia, akalitupia kwenye ua wa michongoma, akasugua sakafu kwa sabuni ya unga mpaka ikameremeta. Severin alikuja, akapiga mluzi, akampa kazi hapo hapo. Waliondoka wakizungumza habari za vyumba na mabafu, na Mikidadi kwa furaha yake akasahau kulirudisha gunia mahali pake.

Jioni Bi Maimuna alirudi na tope miguuni. Akaingia kuoga. Hidaya alikuwa jikoni akipepeta mchele aliposikia kishindo bafuni.

Nyonga ilivunjika. Hospitali walimlaza, wakafanya walichoweza, na mwisho wakawaambia wamrudishe nyumbani. Mikidadi alikuja kila siku kumgeuza kitandani. Siku moja alishindwa kujizuia.

"Mama, nililitoa mimi lile gunia."

"Nyamaza, baba," alisema Bi Maimuna. "Nipe maji ninywe."

Masika yalipoanza, akafariki. Njia ya makaburini ilikuwa tope tupu. Wabeba jeneza walikuwa wakipokezana mabega na kutafuta pa kukanyaga, na Mikidadi aliyekuwa nyuma yao hakuona jeneza wala watu. Aliona miguu tu, jinsi ilivyokuwa ikiserereka na kujishika, ikiserereka na kujishika.

Arobaini ilipopita alichukua nyundo akavunja marumaru za bafuni zote. Moja aliibakiza. Alitaka kujua, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ametembea juu ya sakafu ile mara nyingi bila kuteleza hata kidogo.

Alichukua ubao mfupi, akaugongomea soli ya kandambili upande wa chini, akafunga tofali juu yake, na mbele akatia ndoano ya mizani ya mkono, ile wanayopimia samaki sokoni. Akauburuta polepole juu ya marumaru kavu. Mshale wa mizani ulipanda sana ndipo ubao ukasogea. Akamwaga maji ya sabuni, akavuta tena. Mshale haukupanda hata nusu ya pale. Tofali lilikimbia lenyewe kama linasukumwa. Alirudia kwenye saruji ya kibarazani, iliyokwaruzwa kwa ufagio ingali mbichi, na sabuni ile ile. Pale ubao ulishika.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Ikiwa kavu sakafu ilikuwa mwaminifu, na yeye siku zote aliikanyaga kavu. Anayeingia bafuni huikanyaga ikiwa na maji.

Alichukua ubao wake akaanza kupita nyumba zote alizowahi kuweka marumaru. Alianza kwa Severin.

"Mabafu yako yanateleza, bwana. Niruhusu niyabandue, niweke saruji ya kukwaruza. Nitafanya mwenyewe."

"Mikidadi, wageni wanakuja hapa kwa sababu ya ule mng'aro!"

"Wakianguka je?"

"Ameanguka nani?"

Severin alikubali kuweka mikeka ya plastiki, basi. Kwingine walicheka, na kwingine walijifanya hawapo nyumbani. Fundi anayesema vibaya kazi yake mwenyewe, nani atamwita tena? Kazi zikakauka. Watoto wa Bigwa wakampa jina, Bwana Utelezi, wakawa wanajiangusha mbele yake kwa mzaha.

"Watu wanasema msiba umekuharibu akili," mkewe Asia alimwambia.

"Waache waseme. Wasianguke tu."

Walimsikiliza wachache. Muuguzi mmoja wa zahanati upande wa Kilakala, Martina, alimwita apime chumba cha kujifungulia, kwa kuwa alishachoka kuona wajawazito wakishikilia ukuta wasiteleze. Sakafu ile ikarudiwa. Msikitini kwao mambo yakawa mengine. Alipima mahali pa kutawadhia, akawasihi wazee wa kamati, nao wakamshukuru kisha wakaweka marumaru zile zile zinazong'aa. Miaka ikapita bila mtu kuanguka. Vijana wakawa wanamtania: "Mzee, mbona tuko wima?"

"Alhamdulillahi," alijibu, na alimaanisha.

Hidaya alikuwa ameolewa Dakawa na mkulima wa mpunga. Kati yake na kaka yake kulikuwa na salamu, kulikuwa na zawadi za Idi, lakini jina la mama halikutajwa. Mikidadi aliamini dada yake hajamsamehe, na aliona ana haki.

Hidaya na mumewe walipojenga nyumba ya matofali ya kuchoma, Mikidadi alikwenda na ubao wake. Alipiga magoti bafuni, akamwaga maji ya sabuni, akavuta. Hidaya alisimama mlangoni akamtazama, mara akaketi chini kwenye maji yale yale.

"Kaka, acha. Acha kwanza." "Mama alianguka mara mbili kabla ya siku ile."

Mikidadi aligeuka.

"Mara ya kwanza goti, ya pili kiwiko. Alifunika kwa kanga usione. Lile gunia nililitandika mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, 'Mwanangu kafukuzwa kazi, hii ndiyo riziki aliyopata, ukimwambia utamvunja moyo.' Nikanyamaza. Nilirudi kisimani, nikaliona gunia liko juu ya ua, nikajua ulikuwa na mgeni. Nikasema nitalirudisha nikimaliza kupika."

Mikidadi aliweka mizani chini. Alimshika dada yake mkono, akamkalisha kwenye ukingo wa mlango palipokuwa pakavu, naye akaketi kando yake. Walilia kama watoto wawili walioachwa, mpaka mume wa Hidaya aliyekuwa akirudi kutoka mashambani akaishia uani, akarudi nyuma taratibu.

Mikidadi hakuondoka Dakawa siku ile kama alivyokusudia. Walishinda wakimzungumza mama: ukali wake, nyimbo zake za Kiluguru za kupepetea, jinsi alivyokataa kuvaa viatu hata harusini. Kesho yake akachanganya saruji, akaimwaga bafuni kwa dada yake, na kabla haijakauka akaikwaruza kwa ufagio, mistari ya karibu karibu, kuanzia ukutani mpaka mlangoni.