Homa ya Ng'ambo Kizuizini Isiolo

Juzi basi letu lilisimamishwa kwenye kizuizi cha Isiolo kwa mambo mawili: shifta na homa ya mafua. Shifta, wale waasi wenye bunduki, tumewazoea. Homa ndiyo mpya. Redio imesema inatoka ng'ambo, na kila atokaye huko atengwe kwanza.

Ndani alikuwemo mwalimu wa Kifaransa, Mzungu aliyeingia nchini wiki hii. Alikuwa akipiga chafya tangu Nanyuki, pua nyekundu kama pilipili.

Bwana afya akapanda, kitambaa kimemfunika mdomo. Alipomwona mwalimu alivua kofia, akampa mkono.

"Karibu sana, madam."

"Mimi mgonjwa," akasema mwalimu.

"Hapana, madam! Ni vumbi yetu tu." Kisha akatugeukia sisi. "Nyinyi wote chini! Msimpumulie mgeni!"

Tukapangwa juani, tukakaguliwa koo mmoja mmoja kama mbuzi wa mnada. Mama mmoja wa Kiborana, kibuyu cha maziwa kwapani, akauliza, "Bwana, hii homa si imetoka ng'ambo?"

"Ndiyo."

"Na mimi mwisho yangu kufika ni Nanyuki."

"Wacha maneno, mama. Fungua mdomo."

Dirishani mwalimu akapiga chafya nyingine. Bwana afya akakimbia, akafungua kitambaa chake, akampa ajifute pua. Akarudishiwa, akashukuru, akajifunga tena mdomoni, akaendelea kutukagua.

Leo nasikia bwana afya yuko kitandani, hoi. Anaapa kwamba aliambukizwa na yule mama mwenye kibuyu.