Kisu cha Mkwe na Ndoo ya Chumvi

Mimi suruali imenichanikia ukweni, mbele ya watu wazima, na ninalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kutoka Ipyana, kijijini kwa wakwe, maana wao wakilisimulia wanaongeza na mbwa, na siku ile mbwa hakuwepo.

Mkwe wangu, yaani baba wa mkamwana wangu, alinipa kisu cha kukunja, kile chenye springi, ukikifungua kinalia ka. Nikashukuru, ndaga fijo, lakini moyoni nikajiuliza, huyu ananipa zawadi ya nini wakati ng'ombe mmoja wa mahari niliyompelekea alikuwa chongo? (Chongo kidogo tu, jicho la kushoto.) Basi nikakitumia. Kazi yangu ni kupasua samaki wa ziwani, mbasa, na kuwaloweka kwenye maji ya chumvi kabla ya kuwaanika, na nikimaliza kisu nakitumbukiza ndoo ileile, kesho nakikuta palepale, kinang'aa.

Haukupita muda kikaanza vituko, kwanza kigumu, halafu kikalegea, nikikifungua kinalala, nikikifunga kinachungulia. Makali mazima, springi imekufa. Nikasema hapa jicho la ng'ombe linalipwa.

Wakati huo mkamwana alikuwa kwao amejifungua, na mke wangu akanituma nikaombe arudishwe pamoja na mjukuu. "Ukaombe tu," akasema, "usianze mambo yako." Nikaitika, ila kisu nikakitia mfukoni, wakione mashahidi.

Njiani, juu ya bodaboda, kila shimo nasikia kitu kinanikwaruza pajani, nikamshuku dereva ananisachi (angenisachije na mikono yote iko kwenye usukani, hilo sikuliwaza).

Nikafika, tukasalimiana, mugonile, mugonile, wazee wakaketi. Badala ya kuomba nikasimama. "Mkwe, kisu ulichonipa hakikati hata ndizi," nikasema, nikaingiza mkono mfukoni kukitoa, mkono ukatokea nje upande wa pili, kwa sababu kilikuwa kimejifungua njiani na kuchana mfuko na suruali mpaka gotini. Kisu kikaanguka, bukta ikabaki peupe.

Mke wa mkwe akainama kuitazama. "Baba, hicho si kitenge changu nilichowaletea harusini?"

Kilikuwa chenyewe. (Mke wangu alisema rangi haimpendezi, akanishonea bukta.)

Na hapohapo akaingia mkamwana na sahani ya ndizi, hakujua kama nimefika. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani, hata njiani anakukwepa, sasa yule usoni hakunitazama, alitazama bukta, sahani ikaanguka, akakimbia.

Mkwe hakucheka. Aliokota kisu, akakwangua kwenye maungio kwa ukucha, ukatoka unga mweupe na kutu. Akauonja.

"Kinalala wapi hiki?"

"Kwenye ndoo."

"Ndoo ya nini?"

Nikajidai nashikilia suruali.

"Makali ni chuma cha kung'aa, yanavumilia," akasema. "Springi ni chuma kingine, na haipumziki, ukifungua inavutwa, ukifunga inavutwa. Chumvi ikijificha mle inashika unyevu, inatafuna kidogo kidogo palepale penye mvuto. Ungekisuuza ziwani na kukipaka mafuta, mkwe, kingekuzika."

Mzee mmoja pembeni akauliza taratibu, "Na kama hakikati, suruali imepasuliwa na nani?"

Mjukuu sikumpata siku ile. Niliambiwa nikashone kwanza, nikaondoka nimefungwa kanga, dereva wa bodaboda ananitazama kwenye kioo. Ikabidi nirudi na ng'ombe wa kufuta aibu, macho yote mawili (waliyakagua), ndipo nikaomba kama nilivyotumwa, wakakubali.

Sasa mtoto yuko kwangu, analia vizuri. Kisu kingine nilichonunua nakisuuza, nakifuta, nakipaka mafuta ya cherehani, na ukweni sikibebi tena mpaka nife. Lakini nikikohoa tu uani, mkamwana anakimbilia nyuma ya migomba kama mila inavyotaka, na huko migombani ninasikia kitu kama mtu anayejiziba mdomo. Mke wangu anasema ni heshima. Heshima gani inayotikisa majani?